Mvua Katika Ghala la Magodoro

Jumamosi, 4 Januari

Nimefika Mpanda jana jioni. Piano yangu ya umeme imefika salama kuliko mimi. Nilikuwa nimeivingirisha kwenye blanketi mbili na kuifunga kamba, na kondakta akaniuliza mbele ya basi zima kama nimebeba jeneza. Nikamwambia ndiyo, la kondakta.

Rafiki yangu mmoja wa Dar ndiye aliyenishauri kuandika. Alisema nikitaka kufoka niandike kwanza, halafu nione kama bado nataka kufoka. Tutaona.

Miaka thelathini nimepiga jazi kwenye hoteli ambako watu wanatafuna. Mchana nilikuwa studio za Sinza, nikipanga muziki wa vijana: naweka vinanda, naweka tarumbeta, nakata pumzi zao mbaya, nanyoosha sauti zilizopinda. Mimi ni fundi wa kusafisha. Sasa nina miaka hamsini na moja na nataka santuri moja yenye jina langu, Erasmus, juu kabisa.

Vipande saba vimekwisha, nimepiga na mtu wa besi na mtu wa ngoma. Vyote saba nimevitoa kwenye wimbo mmoja, ule aliokuwa akiimba mama akipandikiza mpunga kijijini kwetu Mwamkulu, yeye anaongoza na mstari wa wanawake unaitikia. Cha nane ni wimbo wenyewe, wote, kwa sauti ya mtu. Mama hayupo. Anayeujua wote sasa ni mmoja tu, dada yangu Marsela, na ni yeye tu anayeweza kupanda pale kwenye ubeti wa tatu ambapo sisi nyumbani tunapaita "pale juu." Bila yeye, vile saba havina maana yoyote. Ni watu saba wanaozungumzia jambo ambalo hakuna aliyelisikia.

Abuu, mzalishaji wangu, anasubiri mpaka Pasaka. Wiki mbili zinanitosha.

Jumatano, 8 Januari

Studio imepatikana. Sadalla anauza magodoro hapa mjini, mtaa wa Shanwe, na ghala lake nyuma ya duka limejaa mpaka juu. Nilipoingia na kupiga makofi, sauti haikurudi. Dar watu wanalipia kuta za namna hiyo.

"Tumia tu, fundi," amesema. "Ila mteja akija, godoro linatoka."

Halafu akaniuliza, "Hiyo jazi ndiyo ile inapigwa mpaka mtu anasahau wimbo ulikuwa upi?"

Ndiyo hiyo hiyo, nikamwambia.

Kasoro ni moja. Ghala halina dari. Juu ni bati tupu.

Jumamosi, 11 Januari

Dada amekuja kwa bodaboda kutoka Mwamkulu, miguu ina tope la shamba, shingoni amezungusha mtandio. Marsela ana rovu, ule uvimbe wa shingoni, tangu mimi mtoto. Lilikuwa dogo kama limau na hakuna aliyelijali. Mtandio ndio mpya. Amesema ni baridi ya mvua.

Tumejaribu. Ameimba ubeti wa kwanza na mimi nikanyweshwa utoto wote mara moja. Ubeti wa pili, mvua ikaanza juu ya bati, na mvua ya huku ikianza haigongi hodi.

Nimefuta.

"Umefuta kabisa?" ameuliza.

"Kabisa, dada. Mvua haitoki."

Akaurekebisha mtandio wake. Kwenye hedifoni nimesikia pia mluzi mwembamba kila anapovuta pumzi. Itakuwa waya wa maikrofoni. Nitabadilisha.

Jumapili, 12 Januari

Misa kigangoni Mwamkulu. Ndipo nilipokutana na Denis, mwalimu wa shule ya msingi, mpiga kinanda wa kwaya.

Niandike kuhusu Denis nisije nikamwambia usoni. Kinanda cha kwaya kina kitufe wanachokiita transpozi. Vidole vinabaki pale pale, kitufe kinashusha au kinapandisha sauti yote, nusu hatua kwa nusu hatua, na kioo kidogo kinaonyesha umesogea wapi. Denis anajua kupiga kwenye ufunguo wa C tu. Wimbo ukiwa juu, anabonyeza. Ukiwa chini, anabonyeza. Nimekutana na wapiga kinanda wa namna hii nchi nzima, na kila nikimwona mmoja mkono unaniwasha.

Leo kioo kilikuwa kinaonyesha kutoa moja, yaani nusu hatua chini. Baada ya Misa nikakirudisha sifuri na kumwomba Marsela aongoze ule wimbo wa shukrani alioongoza. Alipofika juu akakatika, akakohoa mpaka akakaa.

"Denis, nani kabonyeza hapa?"

"Mimi, mwalimu."

"Kwa nini?"

Akamwangalia Marsela kwanza, ndipo akajibu. "Waimbaji wanakuwa wamechoka, mwalimu. Wanatoka shamba."

Basi ndivyo kwaya zinavyokufa. Mmoja anachoka, mwingine anambonyezea.

Jumanne, 14 Januari

Mvua.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimebadilisha waya wa maikrofoni.

Jumamosi, 18 Januari

Shule za bweni zimefunguliwa na kila mzazi Mpanda amekuja kununua godoro. Ukuta wangu wa kulia umeondoka kichwani mwa wanafunzi wa kidato cha kwanza. Sadalla anacheka hadi machozi. "Fundi, studio yako inakwenda kusoma."

Tumerekodi na ukuta uliobaki. Marsela aliimba beti mbili safi. Wa tatu, alipokaribia pale juu, likaanguka tone la kwanza, la pili, halafu bati lote likaanza. Yeye hakusimama. Aliendelea kuimba ndani ya ile kelele, macho amefumba. Mimi ndiye niliyeacha kupiga.

"Si ungeacha tu?" akasema. "Mvua ni mvua. Mama aliimba wapi, jangwani?"

"Dada, hii ni kazi. Watu watasikiliza kwa masikio."

Nimefuta. Waya ni mpya na ule mluzi bado upo. Itakuwa maikrofoni yenyewe.

Jumapili, 26 Januari

Kinanda cha kigango: kutoa mbili. Nimerudisha sifuri. 

Jumamosi, 1 Februari

Leo nimekuta piano yangu, yangu mimi, ina kutoa mbili. Denis alimsindikiza Marsela na walifika kabla sijarudi kutoka kula. Nilikuwa nimeshaanza kupiga nikaona kioo. Watu wanadhani mwanamuziki anasikia tu. Mimi sina sikio la kutaja nota bila kupewa ya kwanza. Nina sikio la kulinganisha, na ukishusha kila kitu pamoja unaweza kunidanganya. Ndiyo maana nimekasirika zaidi.

Nilimfokea mbele ya Sadalla na mbele ya wateja. Nilimwambia piano si kinanda cha kigango. Nilimwambia kama anataka kujifunza aje ajifunze vidole, si kitufe. Denis ni mtu wa miaka thelathini, ana mke na watoto, na alisimama pale kama anapangiwa adhabu.

"Samahani, mwalimu," akasema.

Nikarudisha sifuri. Marsela akasema leo koo halimkai vizuri, turekodi siku nyingine. Hata mvua haikunyesha. Jumamosi kavu, ya kwanza tangu nifike, na tumeipoteza.

Naanza kudhani huyu Denis ana wivu. Marsela ndiye nguzo ya kwaya yake na mimi nimekuja kumchukua.

Jumanne, 4 Februari

Abuu amepiga simu. "Kaka, vipi, dada yetu?" Nikamwambia bado mvua. Akasema Dar pia inanyesha na watu wanarekodi. Dar wana dari.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefuta.

Jumatano, 12 Februari

Barabara ya Mwamkulu imejaa maji. Nimekwenda kwa miguu sehemu kubwa kumbembeleza Marsela aje katikati ya wiki. Nimemkuta amekaa barazani anachambua mboga, polepole mno. Huyu ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni huku anapandikiza. Amenipa uji, hakunywa yeye.

"Dada, unanifanyia kusudi?"

"Kusudi gani?"

"Kila siku koo, kila siku baridi. Kama hutaki, sema."

Akacheka, ila kicheko hakikutoa sauti. "Nataka, mdogo wangu. Nataka kuliko wewe."

Sikumwamini. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nimerudi na tope magotini, nimemkasirikia dada yangu mwenyewe, na hasira hiyo nalala nayo.

Jumamosi, 15 Februari

Kutoa tatu kwenye piano yangu. Nilikuwa nimebandika karatasi: USIGUSE. Karatasi ipo, haikuguswa. Kitufe ndicho kilichoguswa.

Sikumfokea mtu. Nilirudisha sifuri nikapiga. Marsela aliimba akiwa amekaa, safari hii aliomba kiti. Beti mbili, kisha akainua mkono. Sauti ilikuwa na vumbi ndani yake. Nilimwambia ilikuwa mbaya. Nilisema hivyo, "ilikuwa mbaya," kama ninavyowaambia vijana wa Sinza.

Nimefuta kabla mvua haijaja hata kusaidia.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda kanisani.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua ya kutwa. Hakuja. Amemtuma Denis kuja kuniambia hawezi kuvuka. Denis alisimama mlangoni amelowa, nikamwangalia, akaniangalia, na niliona anataka kusema kitu. Nikasema, "Umekuja kubonyeza?" Akaondoka.

Ghala linazidi kuwa wazi. Sasa nikipiga makofi, sauti inarudi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nitaandika yote.

Jana ilikuwa Jumatano ya Majivu, na Sadalla naye yuko kwenye mfungo. Mchana huu nilikaa naye dukani, sisi wote wawili midomo mikavu, tunatazama mvua. Akasema kwa utani wake ule ule:

"Fundi, mwambie dada yako ile mito ikibonyea anirudishie, nitambadilishia. Lakini mito mitano! Anaishi peke yake, anamlaza nani?"

"Mito gani?"

"Ya kulalia. Tangu Novemba anachukua mmoja mmoja. Mke wangu anasema Marsela anataka kulala kama malkia."

Mimi nacheka na Sadalla kila siku. Leo sikucheka. Mtu wa Mwamkulu aliyelala kwenye mkeka nusu ya maisha yake hanunui mito mitano ili ajidekeze. Nilichukua bodaboda mpaka maji yalipotuzuia, nikamalizia kwa miguu.

Mlango ulikuwa wazi. Kabla sijaingia nikasikia mluzi. Mluzi mwembamba, unakuja, unakatika, unakuja. Nilisimama uwanjani na mvua inaninyeshea, maana niliujua. Nimeusikia tangu Januari kwenye hedifoni. Nimebadilisha waya. Nimetukana maikrofoni. Kwenye kompyuta nimekuwa nikiukata, kwa ustadi, kipande kwa kipande.

Alikuwa kitandani, amekaa, si kulala, ameegemea mito mitano iliyopangwa ukutani. Mtandio ulikuwa chini. Rovu halikuwa limau tena. Lilikuwa limeshuka kwa ndani, likaingia nyuma ya mfupa wa kifua, na shingo yote ilikuwa imejaa.

"Karibu," akasema. "Umelowa."

"Unalalaje hivyo, dada?"

"Nikilala chali linanikaba."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa kulima."

Nikamuuliza kama amekwenda hospitali. Amekwenda, mwezi wa kumi na moja. Daktari alimwambia lazima likatwe, na wa kulikata wapo Mwanza, na asichelewe. Na alimwambia kwamba hapo hapo panapokatwa ndipo inapopita mishipa ya sauti. Inaweza isiguswe. Inaweza ikaguswa.

"Nikamwambia basi lisubiri kidogo. Mdogo wangu anakuja Januari, tuna kazi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanyaje? Ungenipakia kwenye basi siku ile ile. Halafu wimbo wa mama ungebaki na nani?"

"Dada, mimi sikujua!"

"Usipige kelele. Nilijua hujui." Akavuta pumzi, mluzi ukaja. "Denis nilimwapisha. Sauti ilikuwa inashuka, nikamwambia awe ananishushia kidogo kidogo, nyie msijue. Hata kwenye piano yako nilimtuma mimi. Usimwonee tena mtoto wa watu, ana adabu yule. Kila Jumamosi nilikuwa nasema leo ndiyo leo, tukimaliza naenda zangu Mwanza. Wewe ukawa unafuta."

Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, na yeye akawa ananipangusa kwa ule mtandio.

Mimi, fundi wa kusafisha. Dada yangu alikuwa anangoja niridhike.

Ijumaa, 7 Machi

Tumegombana asubuhi nzima. Mimi nataka basi la leo. Yeye amekataa.

"Nimengoja miezi minne, nisiimbe halafu niondoke? Kesho turekodi. Jumapili tunapanda basi. Ukikataa, nenda Mwanza wewe."

Nimempigia daktari wa hapa. Amesema asibebe kitu, asilale chali, na kama pumzi ikibadilika tusingoje basi la mtu. Nimemwuliza kuhusu kuimba. Naye akauliza, "Mwenyewe anasemaje?"

Nimekwenda shuleni kwa Denis wakati wa mapumziko. Nilimwomba radhi mbele ya walimu wenzake, maana mbele za watu ndiko nilikomfokea. Akaniambia, "Mwalimu, kilichonisumbua ni kile kiapo." Nimemwomba aje kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Sadalla alifunga duka mwenyewe. Hakuna aliyemwomba. Alikaa nje kwenye kiti, chini ya kibaraza, na kila mteja aliyekuja alimwonyesha kidole mdomoni. Ndani palibaki magodoro machache, tukayasimamisha nyuma ya kiti cha Marsela. Mke wa Sadalla, Mwanaasha, alileta mapazia ya nyumbani kwake tukayatundika.

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji tangu alfajiri. Nilijua. Sote tulijua.

Denis alikuja karibu na piano, akatazama kitufe, akanitazama. Kilikuwa sifuri. Nikamwambia akiache hapo.

"Dada," nikasema, "leo sikupi mwanzo. Anza ulipo wewe, mimi nitakufuata."

"Popote?"

"Popote."

Akafunga macho. Alianza chini, chini kuliko nilivyowahi kumsikia, na vidole vyangu vilimtafuta na kumpata kwenye funguo nyeusi, mahali ambapo Denis angekimbia na mimi mwenyewe siendi mara nyingi. Nilipiga kidogo. Alikuwa anahitaji kupumua kila mwisho wa mstari, si pumzi ya mwimbaji, pumzi ya mtu anayepandisha mlima. Mluzi ukawa unakuja. Miaka thelathini nimejaza nafasi za namna hiyo. Hoteli haitaki kimya, na kijana wa Sinza hataki kimya. Leo niliziacha wazi, zikawa zake.

Ubeti wa pili, mvua.

Haikuja kwa tone. Ilikuja yote. Kwenye hedifoni ikawa kama mtu amemwaga gunia la mpunga juu ya kichwa changu, na mkono wangu wa kulia ukaruka wenyewe kwenda kwenye kompyuta, kwa mazoea tu, kusimamisha. Niliurudisha kwenye piano. Nilimtazama Marsela. Hakuwa na habari na mvua.

Ubeti wa tatu. Tukawa tunakaribia pale juu, na nilikuwa na hofu, nasema kweli. Sikuogopa kwamba atakosea. Niliogopa kwamba atajaribu. Niliona shingo inavyofanya kazi. Nikawaza, nikisikia pumzi inakwama, naangusha piano na nambeba.

Hakupanda. Alifika pale mama alipokuwa akipanda, akasimama kidogo, akashuka. Akapaimba pale juu kwa chini, polepole, na ikawa ni pale pale, mtu yeyote wa nyumbani angepajua. Na Denis, mlangoni, ambaye sikumwambia kitu, akaitikia. Mstari mzima wa wanawake akauitikia yeye peke yake, kwa sauti ya kiume, akiwa ameshika kofia yake mkononi.

Alipomaliza tulibaki na mvua tu.

"Umefuta?" akauliza.

"Hapana, dada."

"Basi nipe maji."

Jumapili, 9 Machi

Basini. Amelala ameniegemea, amekaa wima, mto mmoja nyuma ya shingo. Sioni dirisha kwa maji. Kila mluzi ukikatika naamka. Kila ukirudi nasinzia.

Jumatatu, 10 Machi

Mwanza. Wamempokea. Daktari alimwangalia shingo na kuniuliza kwa ukali kwa nini amechelewa hivi. Nikasema ni mimi. Hakuuliza zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Wamemwingiza chumba cha upasuaji asubuhi.

Ijumaa hiyo hiyo

Bado.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Ametoka. Anapumua. Nimesimama karibu na kitanda nikasikiliza pumzi yake kwa muda mrefu na hakuna mluzi. Haupo kabisa. Amelala chali.

Jumapili, 16 Machi

Ameamka vizuri, amekunywa uji. Alifungua mdomo kunisalimia na hakikutoka kitu. Upepo tu. Akajaribu tena. Halafu akanipigapiga mkono, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Daktari anasema mshipa mmoja uliguswa, rovu lilikuwa limeufunika. Unaweza kuamka baada ya miezi. Unaweza usiamke. Sauti ya zamani, alisema, nisiingoje.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilihesabu Jumamosi nilizofuta mpaka nikaacha kuhesabu.

Jumatatu, 31 Machi

Tumerudi Mpanda. Mwezi umeandama, leo ni Idi, Sadalla ametuletea pilau mpaka Mwamkulu na viatu mkononi kwa sababu ya tope. Marsela anaongea sasa, kwa mnong'ono wenye mikwaruzo. Neno la kwanza alilomwambia Sadalla ni kwamba anarudisha mito minne, anataka abadilishiwe kwa godoro.

"Mito imelaliwa, shemeji!"

"Imekaliwa," akanong'ona. "Sijailalia hata siku moja."

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemtumia Abuu. Amejibu haraka: sauti ni ya ajabu, lakini kaka, toa hiyo mvua, siku hizi kuna programu.

Najua kuna programu. Kazi yangu ni hiyo. Nimekaa nayo asubuhi yote. Nikaifundisha mvua ilivyo, nikaiambia itoe, ikatoa. Bati limenyamaza kabisa. Nikasikiliza toka mwanzo. Mvua ilikuwa imeondoka na pumzi za dada. Kwa mashine ni kitu kimoja, ni upepo tu. Pale nilipoacha nafasi kwa ajili yake hapakuwa na mtu. Wimbo wote ulikuwa unaimbwa na mtu asiyepumua.

Hicho nimekifuta. Nimemwandikia Abuu kwamba mvua inabaki.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimempelekea Marsela hedifoni. Alikaa barazani, akasikiliza yote, mikono mapajani. Sikuweza kumtazama, nikatazama mpunga, umeanza kuwa wa njano. Alipomaliza alizivua taratibu.

"Kumbe mvua ilikuwa kubwa hivyo."

"Hukuisikia?"

"Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Kisha akataka kuisikiliza tena.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Leo hakuna mvua. Nilikwenda mapema kigangoni nikakaa nyuma ya kinanda, pembeni ya Denis, maana amenikubalia nimfundishe ufunguo wa pili. Kwaya ikaingia. Nikatafuta mtandio wa Marsela mstari wa mbele, kwenye sauti ya kwanza, mahali anaposimama tangu mimi mvulana. Pale alikuwa amesimama Fausta, mke wa Denis, ana wasiwasi kama bibi harusi.

Nikasema moyoni, hakuja. Nikasema basi, ndiyo imekwisha.

Denis akanigusa bega na kunielekeza kwa kidevu. Nyuma kabisa, kati ya wanaume wa besi, mabega makubwa ya watu wa jembe pande zote mbili, dada yangu alikuwa amesimama, shingo wazi, kovu linaonekana, kitabu cha nyimbo mkononi. Mzee Melkiadi wa besi alikuwa amemsogezea nafasi.

Utukufu ulipoanza na kengele zikalia, nilimsikia. Si ile sauti. Ile iko kwenye ghala la Sadalla, pamoja na mvua. Hii ilikuwa nene, ina mikwaruzo, inakwenda chini pamoja na wanaume bila kuona haya, na mwisho wa kila mstari alikuwa anavuta pumzi ndefu, kimya.

Nikachungulia kioo cha kinanda. Kilikuwa sifuri.